Lenzi ya Mzee, Kamera ya Kijana

Sanduku la bati lilivutwa kutoka uvunguni, kufuli likafunguliwa kwa msumari, na ndani ya kitenge kilichokunjwa mara nne kulikuwa na kamera. Ilikuwa Zenit, nyeusi yenye mkanda wa fedha, nzito kama tofali. Mzee aliyenikabidhi ni mwalimu mstaafu wa huku kwetu Isongole. Alirudi nayo kutoka masomoni Urusi akiwa kijana. "Shata imekufa," aliniambia. "Lakini si wewe unayepiga pasipoti pale sokoni? Itazame, mwanangu. Pengine ina kazi."

Mwili wa kamera haukuwa na kazi tena. Lenzi iliyokuwa mbele yake ilikuwa nayo. Niliizungusha kinyume cha saa, ikafunguka kama kifuniko cha chupa ya asali. Helios 44-2, milimita 58, f/2. Wiki tatu baadaye adapta ilifika kwa basi kutoka Dar es Salaam. Nikaifunga lenzi kwenye kamera yangu ya dijitali, nikampiga picha mama mmoja aliyekuwa akianika kahawa. Majani ya migomba nyuma yake yalimzunguka kichwani kama maji yanavyozunguka jiwe mtoni. Lenzi iliyokuja na kamera yangu haikuwahi kunipa picha ya namna ile.

Tangu siku hiyo, wapigapicha wenzangu kuanzia Itumba hadi Tunduma wananiuliza swali moja: "Na mimi ninunue?" Jibu langu ni refu, ndiyo maana naliandika. Kiini chake ni hiki: lenzi ya zamani inakurudishia mkononi kazi zote ambazo kamera ya kisasa ilikuwa inakufanyia. Kufokasi ni kazi yako. Kufungua na kufunga tundu la mwanga ni kazi yako. Hata kukumbuka ulitumia lenzi gani ni kazi yako. Aliye tayari kuzipokea kazi hizo atapata kioo kizuri kwa fedha kidogo. Asiye tayari atapata picha zenye ukungu na wateja wenye hasira.

Zilifikaje huku

Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Kwa sababu hiyo lenzi nyingi nzuri zimelala kwenye masanduku, chini ya vitanda na juu ya makabati, huku wenyewe wakihangaika kutafuta fedha za lenzi mpya. Zenit E ilianza kutengenezwa mwaka 1965 huko Krasnogorsk, karibu na Moscow. Helios yake ilifuata umbo la lenzi ya Kijerumani iitwayo Biotar, iliyobuniwa Jena kabla ya Vita Kuu ya Pili. Wapo Watanzania waliokwenda kusoma Urusi wakarudi na Zenit, na wapo waliopitia Ujerumani Mashariki wakarudi na Praktica ya Dresden. Kamera hizo zilikuwa imara na bei yake iliweza kufikiwa na mwanafunzi.

Usizidharau kwa sababu ya umri wake. Picha za Zanzibar zilizotoka Capital Art Studio, studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, zilipigwa na watu waliofokasi kwa vidole. Mohamed Amin, aliyeanzisha Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963, alijifunza kazi katika enzi ambayo kamera haikumfikiria mtu lolote. Kilichozeeka katika vyombo vyao ni mkanda na shata. Kioo hakizeeki namna hiyo. Kikitunzwa, kinapitisha mwanga leo kama kilivyoupitisha siku kilipotoka kiwandani.

Hesabu ya milimita

Kosa la kwanza la wanunuzi ni kudhani lenzi yoyote itakaa kwenye kamera yoyote mradi kuna adapta. Siyo hivyo. Kila aina ya kamera ina umbali wake maalumu kati ya mdomo ambapo lenzi inafungwa na pale picha inapodondokea. Zamani ilidondokea kwenye mkanda, sasa inadondokea kwenye sensa (si ile ya watu na makazi). Lenzi imetengenezwa kwa umbali wa kamera yake. Ukiisogeza mbele kupita umbali huo, itaona vya karibu tu. Vya mbali havitaingia kwenye fokasi kamwe.

Lenzi za Zenit, Praktica na Pentax za zamani zinafungwa kwa hesi ya kipenyo cha milimita 42, ndiyo maana zinaitwa M42. Umbali wake ni milimita 45.46. Nikon inatumia 46.5, Olympus OM 46, Minolta ya mkono 43.5, na Canon FD, iliyotoka mwaka 1971, 42. Sasa tazama upande wa kamera ulizonazo. Canon za dijitali zenye kioo cha kupanda na kushuka, zile za EOS, zina 44. Nikon za kioo zimebaki na 46.5 ileile ya mwaka 1959. Kamera mpya zisizo na kioo zina umbali mfupi sana: Sony E ni 18, Canon RF ni 20, Nikon Z ni 16, Fujifilm X ni 17.7.

Kanuni ni moja: umbali wa lenzi lazima uzidi ule wa kamera, na adapta ndiyo inayojaza pengo. M42 kwenye Canon ya kioo inaacha pengo la milimita 1.46, na adapta yake ni pete nyembamba kama sarafu. M42 kwenye Sony inaacha 27.46, na adapta yake ni kama kikombe kidogo kisicho na kitako. M42 kwenye Nikon ya kioo haina pengo kabisa. Hesabu inakwenda chini ya sifuri kwa zaidi ya milimita moja. Wauzaji watakupa adapta yenye kipande cha kioo ndani ili kufidia, lakini hicho ni kioo cha bei poa kinachowekwa nyuma ya kioo kizuri. Kiache.

Ajabu nyingine ni ya Canon wenyewe. Mwaka 1987 walibadili mdomo wa kamera zao, na kwa sababu 42 ni pungufu ya 44, lenzi ya Canon FD haiingii vizuri kwenye Canon EOS ya kioo. Ni ndugu wa baba mmoja wasiopita mlango mmoja. Lenzi ya Nikon, kwa upande mwingine, inakaa kwenye Canon hiyohiyo bila ugomvi.

Kwa hiyo, ukiwa na kamera isiyo na kioo, karibu kila lenzi ya zamani ni yako. Ukiwa na Canon ya kioo, tafuta M42, Nikon au Olympus. Ukiwa na Nikon ya kioo, baki na Nikon, tena kwa tahadhari mbili. Kamera ndogo za familia ya D3000 na D5000 hazitakupimia mwanga kwa lenzi za mkono, utapima mwenyewe. Na lenzi za Nikon zilizotoka kabla ya mfumo wa AI wa mwaka 1977, kama hazijachongwa, zinaweza kuvunja kijino kilicho mdomoni mwa kamera kama D7000. Ikigoma kuingia, usilazimishe.

Kuna jambo la ukubwa wa sensa pia. Kamera nyingi tunazotumia huku zina sensa ndogo kuliko mkanda wa zamani, hivyo zinakata pembezoni mwa picha. Zidisha milimita za lenzi kwa 1.5 kama ni Nikon, Sony au Fujifilm, na kwa 1.6 kama ni Canon. Helios ya 58 itaona kama lenzi ya 87, nzuri kwa uso na kifua. Lenzi ya 50 itaona kama ya 75. Ile ya 28, iliyokuwa pana enzi zake, itaona kama ya 42, na haitakutosha kupiga kwaya nzima ndani ya kanisa dogo. Lenzi za zamani zilizo pana kweli ni chache na ghali. Kwa picha za makundi, endelea na lenzi yako ya kisasa.

Usiuziwe mbuzi kwenye gunia

Tunduma ni mji wa biashara. Mzigo unaingia kutoka Nakonde, upande wa Zambia, na unatoka kwenda Nakonde, na katikati ya mitumba utakuta kamera. Mimi nimenunua lenzi mbili pale na nikakataa nyingi zaidi. Nenda na tochi ya simu na ukaguzi huu, na usiharakishwe na muuzaji anayesema kuna mtu mwingine yuko njiani.

Fungua tundu la mwanga hadi mwisho. Shika lenzi mbele ya jicho, mulika tochi kutoka upande wa pili, kwa pembe, na siyo moja kwa moja machoni. Unatafuta mambo manne. La kwanza ni kuvu: nyuzi nyembamba kama utando wa buibui au mizizi ya nyasi, hasa kwenye kingo. La pili ni utusitusi kama kioo kilichopumuliwa. Huo hufifisha rangi zote. La tatu ni duara la rangi za upinde wa mvua pembezoni, dalili kwamba gundi iliyounganisha vioo viwili imeachia. La nne ni mikwaruzo. Mkwaruzo mmoja mwembamba mbele hauna madhara makubwa. Mkwaruzo wa nyuma una madhara, kwa sababu uko karibu na sensa. Vumbi kidogo ndani lisikutishe. Hakuna lenzi ya miaka hamsini isiyo na vumbi.

Kisha zungusha pete ya fokasi kutoka mwanzo hadi mwisho. Iwe laini na nzito kidogo. Ikikwama au ikiwa na mchanga, grisi imekauka. Huku milimani, asubuhi za Juni na Julai, hata grisi nzuri hukaza, hivyo iweke lenzi kiganjani dakika chache kabla ya kuhukumu. Fungua na funga tundu. Vile vibati vyake viwe vikavu na visogee pamoja. Vikiwa na mng'ao wa mafuta na vikisita, utalipa fundi. Tazama vichwa vya skrubu: vikiwa vimechubuka, kuna mtu ameshaifungua. Mwisho itikise sikioni. Ikilia kama njugu, irudishe.

Zingatia pia hesi. Zenit za mwanzo kabisa zilikuwa na hesi ya milimita 39, na kwa macho inafanana na ya 42. Nenda na adapta yako mfukoni na uijaribu palepale.

Ukikuta lenzi ambayo kioo chake kina rangi ya chai, usishangae. Baadhi ya lenzi za miaka ya 1960 na 1970, kama Super-Takumar ya 50 f/1.4, ziliwekewa madini ya thoriamu kwenye kioo, na kwa miaka kioo hicho hugeuka manjano. Mionzi yake ni kidogo na mpigapicha anaitumia bila hofu, ila usikisage kioo hicho wala kukivunja, na usilale na lenzi chini ya mto. Manjano yake hupungua ukiianika juani kwa siku kadhaa. Hapo sikiliza vizuri: lenzi iliyoachwa juani hukusanya mwanga na inaweza kuchoma. Ifunike upande mmoja kwa karatasi ya kung'aa, iweke juu ya saruji, mbali na pazia na nyasi, na usiende shamba ukaisahau.

Kuiamsha kamera

Ukiifunga kwa mara ya kwanza, kamera nyingi zisizo na kioo zitakataa kupiga kwa sababu haziioni lenzi. Ingia kwenye menyu, tafuta ruhusa ya kupiga bila lenzi, iwashe. Kama kamera ina kituliza mtikisiko ndani yake, itaomba idadi ya milimita. Andika 58, au yoyote iliyo kwenye lenzi yako, yaani ile iliyoandikwa bila kuzidisha. Ukiandika namba isiyo yake, kituliza kitaharibu picha kuliko kingezimwa.

Weka kamera kwenye M, au kwenye A, ambayo Canon huiita Av. Tundu utalifunga kwa pete ya lenzi. Helios 44-2 ina pete mbili zinazowachanganya wengi. Ya kwanza ni ya kuweka kikomo: iweke kwenye f/5.6, kwa mfano. Ya pili inafungua na kufunga: izungushe wazi ili ufokasi, kisha ifunge mpaka igote kwenye kikomo, ndipo upige. Lenzi nyingine zina kiswichi chenye A na M, kiweke M. Na zipo zisizo na kiswichi, zenye pini ndogo nyuma ambayo lazima ibonyezwe. Hizo zinahitaji adapta yenye ukingo wa ndani unaoibonyeza. Usipojua hilo, utazungusha pete kutwa nzima na tundu halitafunga.

Jaribio la adapta ni rahisi kwa mtu wa Isongole. Simama mahali pa wazi, elekeza kamera kwenye vilima vya ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, na zungusha fokasi mpaka mwisho wa mbali. Miti ya kule ikitulia wazi, adapta ni nzuri. Ikibaki na ukungu hata ukirudisha pete kidogo, adapta ni nene kuliko inavyotakiwa. Fanya hivyo ukiwa mbali na majengo ya forodha na walinzi wake. Mpakani, kamera iliyonyooshwa huzaa maswali.

Kufokasi kwa vidole

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, na hapa ndipo subira inapolipa. Mtu akiwa mita mbili mbele yako, Helios ikiwa wazi f/2 kwenye kamera ya sensa ndogo, eneo lililo wazi halizidi sentimita 10 hivi kwa kina. Jicho likiwa ndani, sikio linaweza kuwa nje. Ukifunga hadi f/4, unapata takribani sentimita 19. Kwa f/8, unapata karibu 38, na kichwa chote kinaingia.

Kwa hiyo anza na f/4 mpaka mkono uzoee. Kwenye kamera isiyo na kioo, washa alama za rangi zinazoonyesha kingo zilizo kwenye fokasi, lakini usiziamini peke yake. Kuza picha kwenye skrini, tafuta kope za jicho lililo karibu nawe, na uzungushe taratibu mpaka uzipite kidogo, kisha urudi. Kwenye kamera ya kioo, macho yatakudanganya kupitia tundu la kutazamia, kwa sababu kioo chake cha kufokasia hakikutengenezwa kwa kazi hii. Washa skrini ya nyuma na ukuze mara tano au kumi.

Ukishapata fokasi, usiiguse tena pete. Mwili wako sasa ndio pete. Weka miguu imara, mmoja mbele kidogo, bana viwiko mbavuni, toa pumzi nusu, bonyeza. Mtu anayeyumba sentimita tano nyuma ametoka nje ya jicho na kuingia puani. Kasi ya shata isiwe chini ya 1/125 kwa lenzi hii unapopiga kwa mkono. Piga tatu, siyo moja.

Kwa wanaotembea, iko njia ya wazee wa magazeti: funga f/8, weka fokasi kwenye umbali unaoujua, tuseme mita tatu, na usubiri mtu afike hapo. Weka jiwe chini kama alama. Usimfukuze kwa pete.

Kusoma mwanga

Kamera ikikataa kupima, soma mwanga wewe. Jua kali la mchana: f/16, ISO 100, shata 1/100. Kutoka hapo ni kubadilishana tu. Ukifungua hadi f/8, umefungua hatua mbili, hivyo ongeza shata hadi 1/400. Wingu likifunika na vivuli visionekane, fungua hatua mbili. Wingu zito la mvua, kama yale ya Machi juu ya milima ya Bundali, fungua tatu. Mfuatano wa kukariri ni huu: 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16. Kila namba inakata mwanga wa iliyotangulia kwa nusu.

Pima kwa ngozi ya uso, usipime kwa shela wala shati jeupe. Kamera ikiona weupe mwingi hufifisha kila kitu, na ngozi yetu nyeusi huwa doa. Lenzi za zamani zina rangi nyembamba ya kuzuia mng'ao, wakati mwingine safu moja tu, hivyo jua likiingia kwa ubavu picha nzima huvaa utando mweupe. Tafuta kofia ya lenzi, au kinga kwa kiganja kama unavyokinga macho. Wakati mwingine utando huo ni mzuri. Piga kwa kinga na bila kinga, kisha uchague nyumbani. Hifadhi faili ghafi kama kamera inaruhusu, kwa sababu rangi za lenzi hizi huelekea manjano au ubaridi, na ni rahisi kuzirekebisha kwenye faili hizo.

Ule mzunguko wa nyuma unaoipa Helios sifa hauji wenyewe. Unahitaji tundu wazi, mtu akiwa karibu, na nyuma yake, mita kadhaa, vitu vidogovidogo vingi vinavyopitisha mwanga: majani ya mibuni, migomba, mianzi. Ukimweka mteja mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, hutaona mzunguko wowote.

Mvua, ukungu na vumbi

Hali ya hewa yetu ni adui wa vioo. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua hainyamazi, na ukungu unashuka kutoka milimani hadi kwenye nguo zilizo kabatini. Kuvu hupenda giza, unyevu na utulivu, yaani mkoba wa ngozi uliofungwa miezi mitatu. Usihifadhi lenzi humo. Chukua ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, weka vile vifuko vya kukausha vinavyokuja na viatu au vifaa vya umeme, na uvibadilishe au uvikaushe vinapochoka. Itoe lenzi kila wiki, ipige picha mbili tatu, ipate hewa na mwanga. Lenzi inayofanya kazi haioti kuvu kwa urahisi. Yenye kuvu usiichanganye na nzima mpaka ikasafishwe na fundi anayejua kuifungua.

Kiangazi kina adui mwingine. Barabara ya kutoka Mpemba kuja kwetu sasa ina lami, lakini njia za vijijini bado zinatupa vumbi jekundu. Nunua adapta moja kwa kila lenzi na uiache imefungwa hapohapo. Kubadilisha kutakuchukua sekunde mbili, mdomo wa kamera ukiangalia chini, badala ya kusimama ukikokota hesi huku sensa ikimeza vumbi la bodaboda.

Lenzi ipi, kazi ipi

Sasa tuongee riziki. Usiende na Helios peke yake kwenye harusi. Bibi harusi akiingia ukumbini, keki ikikatwa, pete ikivishwa, hakuna atakayekusubiri uzungushe vidole. Kazi hizo ni za lenzi ya kisasa inayofokasi yenyewe, na flashi inayozungumza na kamera. Kwa lenzi ya mkono, flashi uiweke mwenyewe kwa kujaribu. Pasipoti saizi pia hazihitaji mzunguko wa majani.

Lenzi ya mzee ina saa zake. Itoe maharusi wanapotoka nje kupiga picha zao wawili, jua likiwa limelala. Itoe kwa wazee wanaotaka picha moja ya kuwaachia wajukuu, kwa mtoto wa kipaimara aliyetulia kwenye kiti, kwa mikono inayochagua kahawa. Kama una safari ya Mbozi, itoe mbele ya kimondo pale Ndolezi: lile pande la chuma halisogei, na mashimo yake yatakufundisha fokasi bila kukulalamikia. Nenda na daftari dogo, uandike lenzi, tundu na umbali, kwa sababu kamera haitakuandikia. Baada ya picha mia utajua lenzi yako inapenda nini.

Kuhusu gharama, usinunue tano. Nunua moja, ya 50 au 58, ukae nayo miezi sita. Ukizidisha, utakuwa mkusanyaji wa vioo na siyo mpigapicha. Wapo, na picha zao huzioni.

Mwezi uliopita nilimrudia yule mwalimu. Shikamoo, marahaba, kiti kikatolewa nje chini ya mgomba. Nilimpiga kwa lenzi yake mwenyewe, f/2, mara sita, nikaenda kuichapa moja Tunduma kwenye karatasi kubwa. Nilipompelekea aliivua miwani, akaivaa tena. "Umesafishia wapi?" aliuliza, kwa neno la enzi za mkanda. Kisha akaweka kidole kwenye picha. Jicho la kushoto lilikuwa wazi kabisa, hadi kope moja moja. La kulia lilikuwa na ukungu kidogo.

"Hapa nilitikisika?"

"Hapana, mwalimu," nilimwambia. "Ni mimi niliyetikisika."

Akacheka, akaigeuza picha kuelekea mwanga wa mlangoni. "Basi umeanza kujua kamera," akasema. "Zamani tulikuwa tunalaumu Warusi."